Mwezi Mmoja, Maji Mawili: Kisiwa cha Matumbawe kwa Macho ya Mtu wa Kigoma

Mwezi ukifika siku ya 13 au 14, usiku wa Kibirizi na Katonga, mialo ya Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, hupoa. Mitumbwi imefungwa, taa zimelala, na mchana nyavu zimetandazwa zinashonwa. Wavuvi wa dagaa wanasema giza limekwisha. Neno hilo, giza, huku ni kipimo cha kazi na cha fedha pia: mtu hukopa akiahidi kulipa giza lijalo, na mke hujua giza lilikuwa zuri kabla hajaambiwa. Sababu yake ni rahisi. Taa huwavuta dagaa kwa kuwa pande zote ni kiza. Mwezi ukiwaka, ziwa zima limekuwa taa, na dagaa hawana haja ya kukusanyika chini ya ile yako.

Usiku huohuo, zaidi ya kilomita 1,000 upande wa mashariki, kwenye visiwa vya matumbawe vya Bahari ya Hindi kama Kojani, Tumbatu, Jibondo na Songosongo, watu wanatayarisha vikapu, vyuma na viatu vya kuendea mwambani, maana siku zao kubwa ndiyo kwanza zinaingia. Mwezi unaomlaza mvuvi wa Kigoma ndio unaomwamsha mama wa kisiwani. Anayetoka huku akaenda kuishi pwani, na wako wengi, huwaona watu wa visiwani kama hawana saa: leo wako kazini alfajiri, wiki ijayo wamekaa barazani mpaka adhuhuri. Saa wanayo, ila imetundikwa angani, na inasomwa majini.

Tuanze na maji hayo. Ziwa Tanganyika nalo huvutwa na mwezi, lakini kwa ziwa la kilomita 670 kwa urefu na kama 50 kwa upana, mvuto huo ni kitu kidogo ambacho wimbi la kawaida hukificha. Ziwa letu hupanda kwa mvua na kushuka kwa kiangazi, na likiamua kupanda kweli, kama lilivyofanya 2020 na 2021, halirudi jioni. Bahari ya pwani ya Tanzania hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake.

Kiasi cha kupanda nacho hakilingani. Mwezi ukiwa mpevu, na pia ukiandama, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja na maji hutoka sana na kuingia sana. Hilo ndilo bamvua. Kilele chake huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe, na Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvutana kwa pembe, na bahari hucheza kidogo tu katikati. Hayo ni maji mafu. Hivyo mwezi mmoja una bamvua mbili na maji mafu mawili, na mwanakijiji yeyote wa kisiwani anayepanga harusi, safari au ujenzi hutazama kwanza ni lipi kati ya hayo.

Hesabu yenyewe mtu wa Kigoma anaweza kuifanya akiwa ameketi Ujiji chini ya mwembe. Kwa Unguja na visiwa vya jirani, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Shika hiyo saa nne kwa mwezi mosi na mwezi kumi na tano, yaani siku ya kwanza na ya kumi na tano tangu mwezi kuandama. Kisha ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita. Mwezi nne maji yatapwa kama saa sita unusu mchana. Mwezi nane yatapwa jioni, kwenye saa kumi hivi, lakini hapo ni maji mafu na mwamba hautafunguka vya kutosha. Hesabu hii inaweza kukosea kwa nusu saa au zaidi, kutegemea mahali na upepo, kwa hiyo wenyewe huihakiki kwa macho: jiwe fulani likichungulia, muda umefika.

Ndiyo maana swali la kawaida kisiwani ni "Leo mwezi ngapi?" Nalo linauliza mengi kwa mpigo: tutatoka saa ngapi, tutakaa mwambani muda gani, mashua itaelea au itakaa mchangani, chakula kipikwe kabla au baada.

Sasa kisiwa chenyewe. Tumbawe linaonekana kama jiwe au mti wa baharini, lakini ni kazi ya wanyama wadogo laini ambao kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa na kuishi humo. Wakifa, kikombe hubaki, na wengine hujenga juu yake. Wanahitaji maji ya chumvi, yenye joto, yenye mwanga, na yasiyo na tope. Matumbawe ya donge hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Yale ya matawi huweza kupita sentimita kumi. Zamani bahari ilipokuwa juu kuliko leo, matumbawe yalijijenga, kisha maji yaliposhuka miamba ile ikabaki nchi kavu. Kisiwa ni mwamba huo wa kale, umejaa matundu na ncha kali, nacho kimezungukwa na mwamba mpya ulio hai.

Kwetu huku hakuna tumbawe hata moja, ingawa mgeni anaweza kudhani lipo. Konokono wa Ziwa Tanganyika wamefanana na wa baharini kiasi kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wako wataalamu wa Ulaya waliodhani ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari uliokatika. Sehemu nyingine chini ya ziwa kuna matandiko mapana ya maganda ya konokono, na samaki wadogo huyafanya nyumba. Ni maganda yaliyolala tu. Hayajaungana kuwa mwamba.

Juu ya mwamba mkavu, shida ya kwanza ni maji. Mvua ya kisiwani haikai juu, kwa kuwa jiwe limetoboka kama sifongo. Hakuna mto, hakuna kijito. Maji huzama mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyopenya kwa chini. Kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi kama mawese juu ya mchuzi. Huo ndio utajiri wote wa maji ya kisiwa: utando mnene katikati, mwembamba pembeni. Kwa kanuni, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kama mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Igeuze kanuni hiyo uone hatari yake: ukivuta maji hadi uso wa kisima ushuke sentimita 10 na ubaki hapo, chumvi ya chini inaweza kupanda karibu mita 4 kukufuata.

Hapo ndipo miradi mingi ya maji visiwani imekwama. Fundi aliyezoea bara anajua kwamba kisima kikikosa maji kinachimbwa zaidi. Kisiwani, kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi ilipo, na pampu kubwa inayovuta kutwa hukiua kisima ndani ya kiangazi kimoja. Kinachofaa ni visima vingi vifupi, vilivyo mbali na ufuo, vinavyochotwa kidogokidogo kwa ndoo ndogo na kupumzishwa. Usishangae uso wa kisima ukipanda na kushuka pamoja na bahari, maana chini kwa chini ni nyumba moja. Jambo la pili ambalo fundi wa bara husahau ni choo. Udongo wa Kasulu huchuja. Jiwe lenye matundu halichuji, hupitisha. Shimo la choo lililo karibu na kisima kwenye mwamba huo ni kama vile limeunganishwa nacho kwa bomba.

Wako waliokosa hata utando huo wa kutosha. Jibondo, kisiwa kidogo jirani na Mafia, kwa miaka mingi kililetewa maji ya kunywa kwa mashua, na udongo wake ni haba kiasi kwamba wenyeji wake wamejulikana zaidi kwa vyombo vya baharini na uvuvi kuliko majembe. Kwingine watu hulima, lakini si kwa matuta. Ardhi ya aina hiyo Unguja huitwa maweni, na mkulima hutafuta mifuko ya udongo iliyojificha kwenye matundu ya mawe, akapanda muhogo hapa, kunde pale, mtama kule. Jembe la mpini mrefu halina kazi hapo. Shamba hupandwa misimu michache kisha huachwa liote vichaka.

Kwa hiyo shamba la kweli la kisiwa liko majini, nalo hufunguliwa na bamvua.

Maji yakitoka, mwamba huonekana katika sehemu tatu. Karibu na ufuo ni mchanga na nyasi za baharini. Katikati mara nyingi kuna bonde lenye maji ya magoti au kiuno hata bahari ikiwa imepwa. Mbali, mahali mawimbi yanapovunjika, ndipo ukingo wa mwamba, juu kidogo kuliko bonde, na ndipo pweza walipo. Wanaokwenda kuchokoa pweza hutoka kama saa mbili kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, wakiyafuata yanavyorudi.

Pweza hatafutwi mwenyewe, anatafutwa mlango wake. Ni tundu ambalo mbele yake kuna kijilundo cha vigae vya kaa na kombe, visafi, kama taka zilizofagiliwa na mwenye nyumba asubuhi hiyo. Tundu lenye uchafu na mwani mdomoni halina mtu. Chuma kimoja hutumika kumchokoza. Akikishika, chuma cha pili humchoma. Akishatolewa hugeuzwa kichwa na kupigwa juu ya jiwe mara nyingi, 40 au zaidi, mpaka nyama ilegee. Asiyepigwa vizuri hata uchemshe mpaka Isha utakuwa unatafuna kandambili. Kosa kubwa la wageni ni kulivunja tundu kwa nyundo au mtaimbo. Tundu zuri halikai tupu: ukimtoa mmoja leo, bamvua ijayo huenda ukamkuta mwingine. Ukilivunja, umekula pweza na nyumba yake.

Kuna kosa lingine ambalo huua. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Yakianza kujaa, saa ya kwanza huingia kama sehemu moja ya 12 ya kimo chote, saa ya pili mbili, saa ya tatu tatu. Kwa bamvua ya mita 4, saa ya kwanza ni sentimita 33 tu, na mtu hujiambia bado kidogo. Saa ya tatu peke yake ni mita nzima. Na hayaji yakitokea mbele yako. Huingia kwanza kupitia milango ya mwamba na kujaza lile bonde lililo nyuma yako, kati yako na nyumbani, wakati wewe juu ya ukingo bado una kifundo cha mguu kikavu. Wenyeji huondoka mwambani maji yanapoanza tu kugeuka, wala hawabishani na mtu juu ya hilo.

Kwenye maji ya karibu zaidi kuna kilimo cha mwani, kilichoanza kama biashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980 na kushikwa zaidi na wanawake. Vijiti hupigiliwa mchangani safu mbili, kamba hufungwa kati yake, na juu ya kamba hufungwa vipande vya mbegu vya kama gramu 100 kila kimoja kwa uzi mwepesi unaoitwa tai-tai. Ukikaza sana, uzi hukata shina. Ukilegeza, wimbi huchukua. Shamba lazima libaki na maji hata bahari ikipwa kabisa, kwa kuwa mwani ukianikwa na jua ukiwa kwenye kamba hubabuka, na mvua kubwa ikiupiga wakati wa maji kupwa hufa kwa kukosa chumvi. Mavuno huja baada ya wiki 6 hivi, yaani kwa lugha ya huko, bamvua ya tatu tangu kupanda. Kilo 7 au 8 mbichi hutoa kilo moja kavu.

Aina zinazolimwa ni mbili, spinosamu na kotonii, nazo ndizo zinazoeleza huzuni ya zao hili. Kotonii ina bei nzuri lakini haivumilii maji yenye joto kali. Miaka ya karibuni imekuwa ikifa katika maji mafupi, mashina yakigeuka meupe na kukatika. Spinosamu huvumilia, ila bei yake ni ya kukatisha tamaa. Kuipeleka kotonii kwenye kina chenye ubaridi kunawezekana, lakini kina kinataka chombo na kuogelea, na wanawake wengi wa visiwani hawakufundishwa kuogelea. Wanaouliza kwa nini wakulima hawalimi zao lenye bei wangeanza kuuliza hapo.

Joto hilohilo linaua matumbawe. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja hivi kwa wiki kadhaa, tumbawe hufukuza vijimea vinavyolilisha, hubaki jeupe, na lisipopoa mapema hufa. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia ilikufa namna hiyo, miaka mitatu tu baada ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, kuanzishwa 1995. Mwamba uliokufa unaendelea kuonekana imara kwa miaka, kisha unasagika, na kisiwa kinapoteza ukuta uliokuwa ukivunja mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba.

Nyumba zenyewe nazo ni mwamba. Jiwe la kuchimba nchi kavu, gumu na lenye matundu, hufanya kuta za unene wa nusu mita hivi. Tumbawe laini lililokatwa baharini lilitumika kale kuchonga mihrabu na miimo ya milango, kama inavyoonekana Kilwa Kisiwani. Chokaa hutengenezwa kwa jiwe hilohilo. Kuni hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, kukiachwa tundu katikati la kutilia moto. Mawe huwekwa juu, na moto ukishika hushuka pamoja na kuni mpaka yalale kwenye majivu yakiwa meupe na mepesi. Kisha humwagiwa maji, yakatoa mvuke na kusagika. Fundi mwenye haraka huitumia chokaa siku hiyohiyo, na miezi michache baadaye lipu yake inatoa vipele na kubanduka, kwa sababu punje ambazo hazikupata maji zinaendelea kuvimba ndani ya ukuta. Chokaa nzuri hukaa shimoni wiki nyingi kabla ya kuguswa. Mchanga wa ufuoni ni mtego mwingine: usipooshwa kwa maji ya mvua, chumvi yake huvuta unyevu daima.

Upana wa vyumba vya zamani, kama mita mbili na nusu hivi, hauna siri. Ndiyo nafasi ambayo boriti la mkoko linaweza kuvuka bila kupinda. Siku hizi wengi hupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa wakidhani wanauimarisha, lakini saruji haipumui. Unyevu hubaki ndani na vichwa vya boriti huoza vikiwa ukutani. Paa likianguka, anayelaumiwa ni babu aliyejenga.

Wanaume mara nyingi huvuka mwamba kwenda kina kirefu kwa ngalawa, mtumbwi wa gogo ulioshikwa na ndubi mbili pembeni ili usipinduke. Gogo lake aghalabu ni mwembe, mti uleule unaotoa kivuli Ujiji. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ya kutoka nje. Kusi ya Juni na Julai huwarudisha ndani ya mwamba, kwenye mitego ya madema na wando. Ziwani pia kusi huja miezi hiyo, ila kwetu huvuruga maji ya chini na kupandisha rutuba, na dagaa hunenepa baadaye.

Na kuanika nako kunafanana na kutofautiana. Ng'onda wa kisiwani hupasuliwa na kutiwa chumvi ambayo bahari inaitoa bure. Dagaa wa Kigoma hukauka bila chumvi, jua tupu, juu ya chanja au mchangani, na wa mchangani mlaji anawajua kwa meno. Mvua ya ghafla humharibia dagaa hapa, na kule huosha mwani uliokuwa umebakiza siku moja.

Baadhi ya vijiji vya visiwani, Kisiwa Panza na Songosongo vikiwemo, vimejaribu kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue. Mantiki ni kwamba pweza haishi sana, mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukua kwa kasi. Aliye chini ya nusu kilo, ambaye sheria imekataza kuvuliwa, akiachwa miezi hiyo huongezeka uzito mara kadhaa. Kasoro yake ni siku ya kufungua. Watu wakiingia wote kwa pamoja, mwamba hukanyagwa, bei huporomoka kufikia adhuhuri, na mlinzi aliyekuwa akilinda bila posho anaweza kukuta watu wa kijiji jirani wamejaza zaidi. Walau siku yenyewe huchaguliwa kwa mwezi: hufunguliwa bamvua inapoanza, ili maji yatoke mbali na yatoke siku kadhaa mfululizo.

Ziwa Tanganyika nalo lilifungwa miezi mitatu upande wa Tanzania, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Tarehe ya kufungua ilikuwa ya kalenda ya ukutani. Mwezi mpevu wa Agosti ile ulikuwa tarehe 19, kwa hiyo wavuvi wa dagaa waliokaa nchi kavu robo mwaka waliruhusiwa kurudi majini siku nne kabla yake, taa zao zikishindana na mbalamwezi, na giza halikuingia sawasawa mpaka mwisho wa Agosti.